Nembo za Mwili na Uzuri wa Mtu: Mawazo Kutoka Singida

Neno nembo lina umri mkubwa katika Kiswahili kuliko Serikali inayolitumia leo. Kabla halijawa jina la ile ngao iliyoshikwa na bibi na bwana, ambayo hupigwa juu ya kila barua ya Serikali, lilikuwa jina la alama zinazochanjwa katika ngozi ya mtu, usoni, kifuani, tumboni au mgongoni, ili ajulikane ni nani na ametoka kwa nani. Kamusi za Kiswahili zilizotungwa zama za ukoloni zililifasiri hivyo, pamoja na ndugu zake wawili, chale na tojo. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, taifa jipya lilihitaji neno la kuitia ngao yake, na neno lililofaa lilikuwa hilo. Likatoka katika ngozi za wazee likaenda kukaa juu ya karatasi. Wengi wetu tuliolipokea ofisini na shuleni hatukuambiwa limetoka wapi, na vijana wa sekondari wa leo wakilisikia huona ngao tu.

Twaanza na neno hili kwa sababu katika miaka ya karibuni, mjini Singida kama katika miji mingine, limezuka tena shauri la kuandika juu ya ngozi. Kijana huenda Dar es Salaam au Arusha, akarudi na ua, jina, msalaba au simba katika mkono wake, na baba yake akamwambia kwamba amejiharibu, kwamba amefuata mambo ya Wazungu, kwamba mtu mwenye heshima hajichori. Maneno hayo tumeyasikia barazani mara nyingi, na zaidi ya mara moja tumeyasikia yakitoka katika kinywa cha mzee ambaye yeye mwenyewe ana chale mbili katika kila shavu. Hatusemi hivi kwa kumcheka. Twasema kwa kuwa jambo hili lina historia, na historia yake haianzii kwa Wazungu.

Mkoa wa Singida, uliopata kuwa mkoa wa peke yake mwaka 1963 ulipotengwa na Dodoma, ni mahali pafaapo sana pa kuitazama historia hiyo. Wanyaturu wako katikati. Wanyiramba na Wanyisanzu kaskazini. Wagogo wako Manyoni upande wa mashariki, na Wakimbu katika misitu ya Itigi. Wataturu huchunga katika mbuga ya Wembere, na ndugu zao Wabarabaig upande wa mlima Hanang. Wahadzabe wako Munguli. Wasukuma na Wanyamwezi wameingia kwa vizazi vingi pamoja na ng'ombe na biashara yao. Lugha za watu hawa zina asili mbalimbali kabisa: kuna za Kibantu, kuna ya Wataturu iliyo jamaa ya lugha za Wamasai na Wajaluo, na ya Wahadzabe haina jamaa inayojulikana. Watu wasioelewana kwa maneno, wakikutana mnadani au kisimani wakati wa kiangazi, walihitaji kujuana kwa macho. Mwili ulisomwa kabla mdomo haujafunguliwa.

Alama iliyo dhahiri kuliko zote ni ile ya Wataturu na Wabarabaig. Hiyo ni duara ya chale ndogo ndogo izungukayo jicho, pengine duara mbili, moja ndani ya nyingine, hata jicho likaonekana limewekwa katikati ya ushanga. Kila chale hupona ikabaki imevimba, na ukubwani hung'aa kwa mafuta. Wanawake ndio walio nazo zaidi, ingawa wanaume pia wamo. Pamoja na vikuku vya shaba na ile sketi ya ngozi ya vipande virefu vyembamba, iitwayo hanang'wenda, ambayo ni vazi la mke aliyeolewa, alama hizo humfanya mama wa Kitaturu atambulike kutoka mbali kuliko mtu mwingine yeyote wa mkoa wetu. Sisi, tukiulizwa maoni yetu wenyewe, twasema kwamba ni alama nzuri kupita zote tulizoziona. Humlazimisha mtazamaji aanze na macho, na katika uso wa mwanadamu hapana pa kuanzia palipo bora zaidi.

Lakini si kila mtu aonaye hivyo. Katika darasa letu la shule ya msingi, mwishoni mwa miaka ya 1970, alikuwamo kijana mmoja wa Kitaturu mwenye alama hizo, na jina alilopewa na wenzake lilikuwa Miwani. Alikuwa hodari wa hesabu. Aliitwa Miwani na wanafunzi, kisha na walimu, hata katika daftari la mahudhurio jina lake halisi likawa halitamkwi. Aliacha shule kabla ya darasa la saba. Hatujui kama aliacha kwa ajili ya jina hilo au kwa ajili ya ng'ombe wa baba yake, maana wengi waliacha kwa ajili ya ng'ombe. Lakini twakumbuka kwamba alikuwa amejifunza kukaa ameinamisha kichwa.

Kwa Wagogo, masikio ndiyo yaliyosomwa. Ndewe ya sikio ilitobolewa utotoni, ikatanuliwa kidogo kidogo kwa vijiti vinavyozidi unene, hata ikaning'inia karibu na bega. Wageni waliopita katika njia kuu ya misafara, itokayo Bagamoyo ikapita Ugogo na Mgunda Mkali hata Tabora na Ujiji, hawakuacha kulitaja jambo hilo. Richard Burton alipita Ugogo mwaka 1857, na Henry Stanley mwaka 1871. Wote wawili waliandika juu ya masikio ya Wagogo, na Stanley alieleza kwa mshangao jinsi mtu alivyoweza kutia humo vitu vyake vidogo, kikiwamo kibuyu cha tumbaku. Wagogo pia waling'oa meno mawili ya mbele ya chini. Na wazee wengi wa Kigogo, wake kwa waume, walikuwa na alama ya duara katikati ya paji la uso. Waliobaki nayo sasa ni wachache.

Wapagazi waliowabebea wageni hao mizigo walikuwa hasa Wanyamwezi, nao walikuwa na nembo yao: mistari miwili ya chale midogo iliyoshuka kutoka pembeni mwa nyusi hata shavuni, na pengo dogo lililochongwa baina ya meno mawili ya juu. Mnyamwezi akisafiri miezi mitatu kutoka kwao hata pwani alikuwa amebeba cheti chake usoni. Akifa njiani, aliyemkuta alijua ni wa nani. Akikutana na mwenziwe katika soko la Bagamoyo hakuhitaji kuuliza. Hili ndilo jambo ambalo waandishi wa safari walilipita haraka. Waliziandika alama kama mtu aandikavyo rangi za ndege, kisha wakatoa hukumu yao juu ya uzuri na ubaya, na hukumu hiyo ikaingia vitabuni, kutoka vitabuni ikaingia shuleni.

Na hapa hatuna budi kusema neno moja juu ya hukumu hiyo. Neno tatuu, ambalo vijana wetu hulitumia, si la Kizungu kwa asili. Limetoka katika lugha za visiwa vya Polinesia, ambako huitwa tatau, nalo lilifika Ulaya pamoja na mabaharia wa James Cook aliyetia nanga Tahiti mwaka 1769. Baada ya mabaharia walifuata wakubwa. Mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa 7, alichorwa msalaba mkononi alipozuru Yerusalemu mwaka 1862. Mwanawe, aliyekuja kuwa Mfalme George wa 5, alichorwa joka huko Japani mwaka 1881. Sasa msomaji na akumbuke kwamba shilingi ya Afrika ya Mashariki iliyotolewa mwaka 1921 ilikuwa na kichwa cha mfalme huyo huyo. Babu zetu walilipa kodi ya kichwa kwa fedha yenye sura ya mtu aliyechorwa joka mkononi, na wakati huohuo wakaambiwa kwamba kuandika ngozi ni dalili ya ushenzi. Mfalme alivaa koti la mikono mirefu, na hiyo ndiyo tofauti tuionayo.

Shilingi zetu wenyewe zilipotoka mwaka 1966 zilibeba kichwa cha Mwalimu Julius Nyerere. Naye pia alikuwa na nembo. Meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yamechongwa ncha, kwa desturi ya Wazanaki wa zama zake, na ndivyo yalivyobaki hata alipofariki mwaka 1999. Kwa meno hayo alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York mwaka 1955, kwa meno hayo alitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, na hatujapata kusikia kwamba mtu aliyemsikiliza alishindwa kumwelewa. Walimu wanaoogopa kuzungumza juu ya nembo za mwili darasani, kwa kudhani ni mambo ya aibu, wanaweza kuanza na picha ya Baba wa Taifa akicheka.

Hata hivyo, serikali ya Mwalimu haikuwa na moyo mmoja katika jambo hili. Mwezi Desemba mwaka 1962 alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza Bungeni kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, na akasikitika kwamba waliosoma walifundishwa kuzionea fahari ngoma za wageni na kuzidharau za kwao. Miaka mitano au sita baadaye, 1967 na 1968, wakuu wa Mkoa wa Arusha waliwaamuru Wamasai waache lubega na udongo mwekundu wa kujipaka, wavae suruali na magauni, ili wasionekane wamebaki nyuma. Na mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze siku ya Mwaka Mpya wa 1969, kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kuichubua ngozi katika mji wa Dar es Salaam. Mmasai alilaumiwa kwa kuwa Mwafrika kupita kiasi, na msichana wa Kariakoo kwa kutokuwa Mwafrika wa kutosha. Katikati ya lawama hizo mbili palikuwa na njia nyembamba, nayo ilikuwa ni shati la mikono mifupi, suruali isiyobana na uso usio na alama. Ndiyo njia tuliyofundishwa sisi. Hatuidharau, imetufikisha mbali, na watu wa makabila zaidi ya 120 wamekaa pamoja kwa amani bila kuulizana nembo. Alama ya kabila usoni haiwezi kufichwa siku watu wanapotafutana kwa makabila yao, na tukitazama yaliyowapata baadhi ya jirani zetu, twaelewa kwa nini viongozi wa wakati ule hawakusikitika kuona nembo zikitoweka. Lakini lililo la siasa ni moja, na lililo la uzuri ni jingine. Kusema kwamba alama hazihitajiki tena si sawa na kusema kwamba zilikuwa mbaya.

Tena si alama zote zilikuwa za kabila. Wazee wa Kinyaturu na wa Kinyiramba tuliowajua walichanjwa zaidi kwa ajili ya dawa. Mtoto akiumwa kichwa alichanjwa pajini, akiwa na kikohozi alichanjwa kifuani, mguu ukiuma ulichanjwa gotini au kifundoni. Kisha dawa iliyochomwa ikasagwa ilisuguliwa katika damu. Jambo hili ni la kale sana duniani. Mwaka 1991 ilionekana katika barafu ya milima ya Alps maiti ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na wataalamu wamehesabu katika ngozi yake alama 61 zilizotiwa masizi, nyingi zikiwa kiunoni na katika viungo vya miguu, mahali ambapo mifupa yake ilikuwa imechakaa. Mganga wa kijiji cha Ilongero angeelewa mara moja alichokuwa akiumwa.

Kiswahili, kwa werevu wake, kilipokutana na dawa ya hospitali hakikutafuta neno jipya. Daktari alikata ngozi akatia dawa. Mganga alikata ngozi akatia dawa. Basi yote ni kuchanja, na dawa ya daktari ikaitwa chanjo. Sisi wa umri wetu tunayo kovu ya chanjo ya ndui mkononi, maana ndui ilikuwa bado haijatangazwa kwisha duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na tangazo lenyewe lilitolewa mwaka 1980. Vijana wanayo kovu ya chanjo ya kifua kikuu. Kwa hiyo taifa lililowaambia watu wake waache kuchanja nyuso limewachanja wote begani, Mgogo na Mtaturu na Mhadzabe, alama moja mahali pamoja. Ikiwa ipo nembo ya Mtanzania katika mwili, basi ni hiyo, na wala hakuna aliyeiona kuwa ni jambo la urembo.

(Kuna na alama nyingine ya watu wa kwetu ambayo hakuna aliyeichanja. Katika sehemu kadhaa za Singida maji ya visima yana madini ya floridi kupita kiasi, na watoto wakuao kwa kuyanywa huota meno yenye rangi ya kahawia. Tukifika Morogoro au Tanga tukacheka, watu hukisia tulikotoka. Wapo vijana wazuri waliojizoeza kucheka huku wamefumba mdomo.)

Turudi kwa kijana wetu mwenye simba mkononi. Sisi hatumpendi simba huyo. Twasema hivyo waziwazi, kwa sababu mambo ya uzuri hayana mahakama, na kipenda roho hula nyama mbichi. Hatumpendi kwa kuwa amechorwa kutoka katika kitabu cha michoro ambacho kimechora maelfu ya watu wengine. Hamwambii mtazamaji kijana ametoka wapi, ni mwana wa nani, amefanya nini. Duara ya Kitaturu ina sarufi: huwezi kuipunguza upande mmoja kwa sababu umeamka na hamu hiyo. Simba wa mkononi hana sarufi, ni neno moja lililokatwa katika sentensi ya watu wengine. Na majina ya wapenzi twayaonea huruma tu, maana ngozi hudumu kuliko uchumba.

Lakini hayo ni mapenzi ya macho yetu, nayo yamelelewa na vitabu tulivyosoma na wazee tuliokaa nao. Hayawezi kuwa sheria. Kijana mmoja fundi wa pikipiki, tulipomwambia maneno haya, alijibu kwa adabu: “Shikamoo mzee, lakini nyinyi mlichanjwa mkiwa wadogo, hamkuulizwa. Mimi nimejichagulia.” Tulikaa na jibu hilo kwa siku nyingi. Ni kweli kwamba nembo za zamani zilikuwa za jamii kwanza na za mtu baadaye, na tatuu ni ya mtu peke yake. Sisi tulikuwa tumehesabu jambo hilo kuwa ni upungufu wa tatuu. Yeye alilihesabu kuwa ndilo jema lake.

Wako wanaolipinga jambo lote kwa dini, na hao wana hoja zao zinazoeleweka: Wakristo husoma katakazo katika Mambo ya Walawi, mlango wa 19, na Waislamu hushika hadithi za Mtume zinazomlaani mwenye kuchanja na mwenye kuchanjwa. Anayejizuia kwa imani yake hana deni la kumweleza mtu. Wako na wanaolipinga kwa afya, na tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, hoja hiyo haina mjadala: wembe mmoja kupita katika ngozi za watu kumi ni hatari, ukiwa mkononi mwa mganga au mkononi mwa mchoraji wa mjini. Kisha liko shauri la ajira. Matangazo ya Jeshi la Polisi ya kuandikisha vijana yamekuwa yakitaka mwombaji awe hana michoro mwilini. Jeshi lina haki ya kuchagua sura ya askari wake. Lakini kwa kuwa sharti hilo hufahamika kama alama ya tabia, yafaa tujiulize binti wa Kibarabaig aliyefaulu kidato cha nne, mwenye duara machoni alizochanjwa na bibi yake, afisa atamweka upande gani. Akimwita mwenye mchoro, ameikana historia. Akisema kwamba hiyo ni mila na si mchoro, basi amekubali kwamba ubaya wa tatuu haumo katika ngozi.

Na ajabu ni kwamba wazee wanaomkemea kijana mwenye simba aghalabu hunyamaza mbele ya binti anayejichubua. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini mkorogo bado wauzwa kwa siri. Mwenye tatuu ameongeza kitu juu ya ngozi aliyozaliwa nayo. Mwenye mkorogo anaifuta. Ikiwa tunatafuta kasumba ya kikoloni katika mambo ya urembo, hatuna haja ya kumtazama simba.

Tumesema kwamba mambo ya uzuri hayana mahakama. Lipo, hata hivyo, jambo moja la kukata mwili ambalo katika mkoa wetu limejificha kwa miaka mingi chini ya kivuli cha mila na urembo, na ambalo si la uzuri hata kidogo. Twakusudia ukeketaji wa wasichana. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Singida wanawake 31 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa, ambapo kwa Tanzania nzima walikuwa 10. Tangu miaka ya 1970, kampeni za kukataza tohara hiyo zilipozidi, ulienea kwetu na kwa jirani zetu wa Dodoma uvumi wa ugonjwa wa watoto wa kike ulioitwa lawalawa, ambao ati hauponi ila kwa kisu. Ulikuwa ni muwasho na uchafu wa kawaida wa sehemu za siri, unaotibika kwa usafi na dawa za zahanati. Lakini kwa jina hilo desturi iliyokuwa ya wasichana waliopevuka, yenye ngoma na mafunzo, iligeuka ikawa ya watoto wachanga, ikifanywa usiku, bila ngoma na bila mafunzo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imelifanya tendo hilo kuwa jinai kwa msichana aliye chini ya miaka 18.

Wako wasomi wenzetu ambao, kwa kuipenda jadi, huziweka chale za usoni na ukeketaji katika fungu moja, na kuomba vyote vihifadhiwe. Na wako wengine ambao huziweka katika fungu moja ili vyote vilaaniwe. Sisi hatuafiki upande wowote. Chale haikumnyima bibi yetu kuona, kula, wala kuzaa kwa salama. Kisu kile humnyima mtoto kiungo, humtia maumivu ya maisha, na pengine humwua siku ya kujifungua. Lakini twakiri kwamba jibu la fundi wa pikipiki hugusa pande zote mbili, maana duara ya macho nayo huchanjwa mtoto akiwa hajaulizwa. Tofauti ni kubwa, nasi twaishikilia. Ila si tofauti baina ya aliyeulizwa na asiyeulizwa, na mwalimu atakayelieleza jambo hili darasani asiwafiche wanafunzi wake ugumu huo.

Sasa hali ni hii. Watu wa kusini, Wamakonde, nembo zao zimeingia katika sanaa ya kudumu. Wachongaji wa vinyago vya mapiko hubandika nta usoni mwa kinyago kufuata mistari ya chale, hata mtu aliyezaliwa leo aweza kuiona. Kwetu Singida hatuna vinyago. Michoro myekundu ya miambani huko Iramba na Isanzu, aliyoichunguza Profesa Fidelis Masao katika miaka ya 1970, ina wanyama na watu, lakini nyuso zake hazisomeki. Eberhard von Sick, Mjerumani aliyekaa Singida kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliandika habari ndefu za Wanyaturu katika jarida la Baessler-Archiv la Berlin. Imo katika Kijerumani. Yaliyobaki yamo katika nyuso zenyewe, nazo zinazikwa kila mwaka.

Kwa hiyo tuliwaomba wanafunzi wa kidato cha tatu wa shule moja, wakati wa likizo, waende kwa bibi na babu zao wakiwa na daftari. Wachore alama kama ilivyo, waandike jina lake kwa lugha ya nyumbani, waulize ilichanjwa kwa kifaa gani, na nani, katika umri gani, na kama mzee atakubali wakati wote huo watazamwe. Mwisho waulize: kama ungezaliwa leo, ungechanjwa tena?

Majibu ya swali hilo la mwisho hayakufanana. Bibi mmoja wa Kitaturu, karibu na Wembere, alimwambia mjukuu wake kwamba angechanjwa tena hiyo kesho, na kwamba yeye huwahurumia wasichana wa sasa kwa jinsi nyuso zao zilivyo tupu kama kibuyu kipya. Dada yake, aliyekuwa ameketi katika ngozi hiyo hiyo akipepeta mtama, hakujibu upesi. Kisha akasema: “Mjukuu wangu, wewe ndiwe mtu wa kwanza kuniuliza.”